Maswali Kabla ya Ganzi

Kupitia upenyo wa pazia, Ikupa aliuona mkono wa Safina ukiwa umetulia juu ya mkono wa bibi mmoja mnene kutoka Kiwira, kama mkono wa mjukuu. Kitambaa cheusi cha kipimo cha presha kilikuwa kikivimba taratibu, na kila kilipovimba bibi yule alikicheka kitambaa na Safina akamcheka bibi. Walikuwa wakitaniana kwa Kinyakyusa. Si kile cha kuokoteza ambacho watoto wa wafanyabiashara hukijua cha kuuzia chumvi, bali Kinyakyusa chenyewe, chenye mizunguko na kejeli zake, na hapo ndipo palipomchoma Ikupa. Kama Safina, binti Maulidi, angeharibu walau salamu, angempa mwenzake pa kupumzikia.

"Na moyo je, bibi?" Safina aliuliza. "Haukimbii ukipanda kile kilima cha kwenu?"

"Moyo wangu ulikimbia mara moja tu, mwanangu, nilipomwona babu yenu. Tangu hapo unatembea."

Waliokaa kwenye benchi waliangua kicheko. Hata Daktari Ackson, mtu ambaye kutabasamu kwake kulikuwa kwa nadra kama jua la mwezi wa nne, alitabasamu huku akinawa mikono. Ikupa akaliachia pazia likajifunga. Akaligeukia jiko la mafuta ya taa, akavikoroga vyombo vya daktari ndani ya sufuria ingawa havikuhitaji kukorogwa.

Kabla ya Safina kuja, maswali yale yalikuwa yake.

Ilikuwa ile miaka ambayo maduka ya Tukuyu yalianza kujaa tena. Mitumba ilitundikwa kwenye kamba kuanzia stendi hadi sokoni, sabuni haikuwa tena kitu cha kupangiwa foleni, na vidonge vya maumivu viliuzwa rafu moja na biskuti na betri za redio. Watu binafsi nao wakaruhusiwa kufungua zahanati. Daktari Ackson, aliyeng'oa meno katika hospitali ya serikali tangu ujana wake, akaaga kazini, akapanga chumba cha mbele cha nyumba ya Maulidi, fundi cherehani wa pale Ibighi. Akaweka kiti cha kulaza wagonjwa alichokipata kwa wamisionari, akamwita mchoraji amchoree jino kubwa ukutani, nje, jino lenye miguu mitatu kama kigoda. Ikupa alikuwa wa kwanza kuajiriwa. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba tu, lakini alikuwa na subira, na macho yake yalikuwa na tabia ya kukaa juu ya kitu mpaka kitu chenyewe kijieleze.

"Watu wanadhani nang'oa jino," daktari alimwambia siku za mwanzo. "Jino limeshikwa na mtu mzima, Ikupa. Ukiligusa umegusa moyo wake, umegusa damu yake, sukari yake, mimba yake kama anayo, na dawa aliyokunywa jana. Kwa hiyo kabla sijamgusa, wewe muulize. Akikudanganya wewe, sindano yangu itauamini uongo huo."

Ikupa aliyashika maswali kama mtu anavyoshika wimbo wa kanisani. Moyo. Damu, kama hukata mapema. Pumu. Kifafa. Sukari. Dawa za hospitali, za dukani, za kienyeji. Kina mama aliwauliza juu ya siku zao. Aliyauliza akiwa amesimama wima, bila kucheka, kwa mpangilio uleule, na watu walimjibu kwa sauti za shuleni. Siku ambayo daktari alimrudisha mgonjwa kwa sababu ya jibu alilolipata yeye, Ikupa alitembea kwenda kwake akijihisi mlinzi wa lango ambalo bila yeye lingebaki wazi.

Kisha Safina akamaliza kidato cha nne, na matokeo hayakumpeleka mbele. Maulidi alikuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hana haja ya kuomba mara mbili.

"Wewe sasa utanisaidia na vyombo," daktari alimwambia Ikupa. "Vyombo ndiyo roho ya kliniki."

Ikupa aliitikia kwa kichwa. Alijua maana yake mtu anapokipa kitu kidogo jina kubwa.

Angeweza kuvumilia kama Safina angekuwa mvivu, au mwenye maringo, au mwepesi wa kukosea. Usiku alimtafutia kosa kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi. Hakulipata. Binti yule alikuwa hodari, tena uhodari wa aina ambayo Ikupa hakuwahi kuijua kuwa ipo. Yeye aliuliza maswali. Safina aliongea na watu, na majibu yakadondoka yenyewe katikati ya maongezi. Siku moja mwanamke kijana alikaa akiwa amebana midomo alipoulizwa kama ana ujauzito, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa ameketi ubavuni. Safina hakurudia swali. Alimshika mkono, akamtoa nje ati akamwonyeshe pa kutemea mate, na waliporudi alimnong'oneza daktari. Jino lile halikung'olewa siku ile. Ikupa aliyaona yote hayo kupitia upenyo wake. Sehemu moja ya moyo wake ilisema, lo, hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Sehemu nyingine ikaifunga mdomo ile ya kwanza.

Akaacha kumsalimu. Safina alipoingia nyuma ya pazia kuchukua vyombo, Ikupa aligeukia ukuta.

"Dada Ikupa, nimekukosea?"

"Hapana."

"Basi niangalie."

"Naangalia maji."

Mwanzoni Safina alicheka. Alileta vitumbua alivyopika mama yake, Zakia, akaviacha kando ya jiko. Vikapoa, vikakauka, vikapewa kuku. Siku nyingine alikuja na kile kipimo. "Njoo nikufundishe, dada. Ni rahisi, unasikiliza tu." Ikupa akamjibu kwamba atakipasua, na kwamba vitu vya wasomi viachiwe wasomi. Tangu hapo Safina hakucheka tena. Alizoea kuingia, kuchukua trei, na kutoka, mbele yake ukiwa mgongo.

Mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri siku ile alipokuja mzee mmoja kutoka Kinyala. Ikupa alikuwa amebeba beseni la maji machafu akipita chumba cha mbele kwenda kumwaga nje. Mlangoni alisimama mwanamume mrefu aliyevaa koti zito, mwavuli ukimchuruzika, skafu imefungwa kutoka kidevuni hadi utosini kuzunguka shavu lililovimba. Ikupa hakuhitaji kumwona uso. Alilijua koti.

Alikuwa mzee Meshaki, baba wa mumewe Ezron, baba mkwe wake.

Tangu Ezron amuoe na kumpeleka kwao Kinyala, Ikupa hakuwahi kusimama mbele ya mtu yule. Akimsikia njiani, alizama migombani hadi kishindo cha viatu kipotee. Jina lake halikuwahi kupita kinywani mwake. Hata kijana mmoja wa kwaya aliyekuwa na jina hilohilo, Ikupa alimwita yule mrefu. Wasichana wa mjini waliucheka mwiko huo, wakasema hayo ni mambo ya bibi zetu. Kule Kinyala haukuchekwa. Mama mkwe wake, Esnath, alimwambia wiki ya kwanza ya ndoa kwamba mkamwana anayemtazama mkwe wake amemvua nguo mbele za watu, na kwamba mkwe naye anayeuzungumzia mwili wake mkamwana akisikia amejivua mwenyewe.

Beseni likamponyoka. Maji yakatapakaa sakafuni. Ikupa alijiinamia, akajitupia kanga kichwani, akarudi nyuma ya pazia akiwa amekunjika kama mtu anayepita chini ya waya. Mzee naye aligeukia fremu ya mlango, akakohoa kwa nguvu, akaendelea kukohoa hadi aliposikia pete za pazia zikigongana. Ndipo akaingia, akachagua mwisho wa benchi, mgongo kwa pazia.

Safina alikuwa ameinama akiandaa pamba. Alipoinua kichwa alikuta maji sakafuni na kisogo cha Ikupa kikitoweka.

"Leo tena," alisema chini kwa chini, akaenda kutafuta tambara la kupigia deki.

Nyuma ya pazia, Ikupa alisimama kando ya jiko. Alisikiliza.

"Ugonile, tata," Safina alimwamkia kwa Kinyakyusa, kama binti amwamkiavyo baba. "Pole na mvua."

"Ndaga, asante, mwanangu. Mvua si kitu. Hili jino ndilo limenihamisha kitandani."

"Tutalihamisha lenyewe. Nikuulize machache kwanza, halafu nikukabidhi kwa daktari. Moyo wako una tatizo lolote?"

"Mimi? Hapana."

"Ukikatwa na kitu, damu hukata mapema?"

"Damu yangu ni ya mwanamume. Inajua kazi yake."

Watu kwenye benchi walicheka. Mzee aliongea kwa sauti kubwa kuliko ukubwa wa chumba, kama anayeongea na mtu aliye mbali.

"Na dawa, tata, kuna unazokunywa? Hata hizi za dukani tu?"

Ikupa aliusikia mwavuli ukidondosha maji sakafuni.

"Sinywi dawa," mzee alisema. "Dawa ni za watu wenye magonjwa."

Safina akampima presha, akasema iko sawa, hata vijana wangeitamani. Akampeleka kwa daktari.

Ikupa alikuwa ameushika ukingo wa meza. Krismasi iliyopita, mzee akikata majani ya migomba, mundu ulimteleza ukampasua muundini. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo, la kuchekwa. Lakini damu ilikataa kukata, mchana ukaisha nayo, na asubuhi ni Ikupa aliyefua vitambaa mtoni, maji yakawa mekundu hadi wanawake waliokuwa chini ya mto wakapaza sauti kuuliza nani amechinja. Mganga wa zahanati ndiye aliyekuja na sababu: vile vidonge vyeupe vya aspirini ambavyo mzee alivitafuna kama karanga kwa ajili ya magoti yake, tangu duka la Kiwira lilipoanza kuviuza bila kuuliza mtu. Vimeilegeza damu, alisema; aviache. Juma lililopita tu, Ezron aliporudi kutoka mgodini kupumzika, alimsimulia mkewe akicheka kwamba mzee hajaviacha, anavificha kwenye mfuko wa ndani wa koti ili mama asivione.

Na alielewa jambo jingine, na hilo lilimjia polepole, kama baridi ya sakafu inavyopanda miguuni. Mzee hakuwa amemdanganya Safina. Alikuwa amelinda heshima kati yake na Ikupa. Angewezaje kutaja magoti yake na damu yake wakati mkamwana wake amesimama hatua chache nyuma ya kitambaa? Kama yeye asingekuwamo chumbani, au kama angetoka kwa mlango wa uani, mzee angesema.

Siruhusiwi kusimama mbele yake, Ikupa alijiambia. Na ilikuwa kweli. Ukweli ule aliukumbatia. Lakini Safina hakuwa mkwe wake, wala kanga ya kichwani haifungi mdomo. Angemwita tu, amnong'oneze. Neno lenyewe lilikuwa fupi: subiri. Aliliona neno hilo waziwazi, limekaa mbele yake kama kikombe mezani, na akaacha kulichukua.

Hakumtakia mzee mabaya, angeapa kanisani. Alichotamani kilikuwa kidogo mno, au alikiona kidogo. Alitamani damu iwe na ubishi kwa muda, kiasi tu cha daktari kuinua kichwa na kuuliza: huyu aliulizwa na nani?

Sindano ya ganzi ikapita. Mzee akaambiwa angoje mdomo ufe ganzi. Safina akaingia nyuma ya pazia, mikono tayari kwa trei, uso wake ukiwa na ile furaha ya mtu ambaye kazi inamwendea vizuri.

"Yule mzee ni chuma," alisema, nusu kwa Ikupa nusu kwa ukuta. "Hana hata mafua. Amesema anatoka Kinyala. Si ndiko ulikoolewa wewe? Unamfahamu?"

Maji yalikuwa yakitokota. Mvuke uliupanda uso wa Ikupa, akaacha uupande.

"Kinyala ni kubwa," alijibu.

Akachukua kibanio, akalitoa koleo la magego kwenye sufuria, akalikung'uta, akaliweka juu ya trei.

"Asante, dada."

Pazia likafunguka, likajifunga.

Gego lilitoka vizuri. Ikupa alilisikia likianguka kwenye kibakuli cha bati, kisha sauti ya daktari ikimwambia mzee ang'ate pamba kwa nguvu. Wakangoja. Daktari akaitoa pamba, akaweka nyingine. Akamwambia ang'ate tena, akamwita mgonjwa aliyefuata aanze kuulizwa. Kisha akasema hapana, huyo aliyefuata angoje kwanza. Kiti kililia. Maji yakamiminwa. Daktari akaomba gozi, kitambaa chepesi cha kuzuia damu, halafu akaomba gozi zaidi, na safari ya pili sauti yake ilikuwa imepoteza adabu yake ya kawaida.

"Safina. Huyu ulimwuliza?"

Swali lilikuwa limefika. Ikupa alikuwa amelingoja wiki nyingi, amelionja mara nyingi kitandani akijifunika, na kila mara lilikuwa na utamu. Sasa alilionja na halikuwa na ladha yoyote.

"Nilimwuliza, daktari. Nilimwuliza yote." Sauti ya Safina ilikuwa imekauka, haikuwa na utani hata chembe. "Alisema hana kitu."

"Ana kitu. Damu hii haishiki. Mzee, unakunywa dawa gani?"

Mzee hakujibu; kinywa kilikuwa kimejaa gozi. Au hakutaka. Ikupa alilivuta pazia upana wa kidole. Hakumtazama mzee. Aliliona beseni chini ya kiti na vitambaa ndani yake, na rangi ile aliifahamu. Ni yeye aliyeifua mtoni.

Alijifunika kanga usoni hadi kidevuni. Akatoka kinyumenyume, akiburuza miguu, mgongo wake ukielekea kwenye kiti na uso wake ukielekea pazia, mpaka kisigino kikagusa mguu wa Safina.

"Aspirini," aliliambia pazia. "Anazitafuna kila siku. Ziko mfuko wa ndani wa koti. Krismasi alijikata kidogo, akatoka damu mpaka asubuhi."

Benchi lote liligeuka kumtazama. Wenye umri kati yao walikuwa wameshaelewa wanachokitazama, na mmoja mmoja wakainamisha vichwa. Pale kwenye kiti, mzee Meshaki aliuinua mkono wake mkubwa wenye sugu, akajifunika nao macho. Damu ilimtiririka kidevuni, lakini mkono hakuuondoa. Aliushikilia pale wakati wote daktari akishona, kama mtu anayemshikilia mwingine mlango ili apite. Safina alitia mkono ndani ya koti. Akatoa pakiti iliyokunjikakunjika, ikiwa imebaki na vidonge vichache.

Gari la kubebea chai la jirani ndilo lililomkimbiza mzee hospitali ya wilaya. Safina alipanda naye nyuma, mvuani, kidole chake kikiwa ndani ya kinywa cha mzee kukandamiza gozi, kwa kuwa daktari alisema asikitoe mpaka wafike, naye hakukitoa. Ikupa alibaki akipiga deki. Alipiga deki hata pale ambapo hapakuwa na kitu.

Jioni daktari, aliyekuwa amewafuata huko, alirudi na habari kwamba damu imekata, mzee amewekewa maji, atalala huko kisha arudi kwake. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ungechelewa zaidi kidogo, Ikupa, ningekuwa nasema mengine hapa," alisema. "Najua ulichokivunja. Mimi pia nimezaliwa huku. Kutoka vile mbele ya mkwe si jambo dogo."

Ikupa alitazama nyuzi za tambara la deki.

"Safina ni mzuri, ila bado ni mtoto. Alimwamini mzee kwa sababu anaongea kwa sauti. Kuanzia Jumatatu utarudi kwenye maswali. Yeye atakaa na vyombo, ajifunze kungoja."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli yote. Ilikuwa pana, ingeweza kupitisha mkokoteni. Ikupa akasema, "Asante, daktari."

Jumatatu aliketi kwenye kigoda cha mbele, kipimo cha presha mapajani mwake, na hakujua pa kuanzia. Aliwauliza watu moyo, akawauliza damu. Walimjibu kwa sauti za shuleni. Kila alipofika kwenye swali la dawa, ulimi wake ulijikwaa, na macho yake yakaenda kwenye pazia. Nyuma yake Safina alichemsha vyombo bila kulalamika. Hakugeukia ukuta. Pazia lilipopeperuka, Ikupa alimkuta amekaa ameelekea mbele, akimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Ikupa angeipenda hasira.

Kabla ya adhuhuri alifika mama Esnath, kichwani amebeba mkungu wa ndizi uliokomaa hadi ukavimba. Ikupa aliinuka, akapiga magoti, akaupokea.

"Huu si wako," mama mkwe alisema. "Ni wa yule binti wa Maulidi. Baba yenu anasema mtoto aliyemwekea kidole kinywani njia nzima bila kuona kinyaa, huyo hawezi kumwacha bila kitu."

"Nitampa, mama." Ikupa alikisikia kile kitu kikimpanda tena kifuani, hata sasa, hata baada ya yote, kama mbwa asiyejua kwamba amefukuzwa. "Na mimi je, amesemaje? Kuna cha kufanya, cha kuniosha?"

Esnath aliivua ngata kichwani. Kisha akamwinamia kuiweka sawa kanga yake begani, kama anavyowekwa sawa mtoto anayetumwa.

"Anasema hakuona mtu. Anasema alikuwa amefumba macho."

Akaondoka kuwahi gari.

Ikupa aliupeleka mkungu nyuma ya pazia. Safina akasikiliza ujumbe wa mzee, akashukuru. Kisha akachukua kisu cha kukatia plasta, akaukata mkungu katikati, kazi iliyomchukua muda kwa kuwa kisu kilikuwa kidogo na kikonyo kigumu. Utomvu ukamchafua vidole. Akaisogeza nusu moja, ile kubwa, upande wa Ikupa.

"Sistahili hata tunda moja," Ikupa alisema.

"Chukua tu, dada," Safina alisema taratibu, akijifuta mikono. "Kinyala ni kubwa."

Alilisema bila kuinua macho, jinsi mtu anavyomrudishia mwenzake kitu alichokisahau. Kisha akaligeukia jiko, kwa sababu huko mbele daktari alikuwa ameshaita; kulikuwa na mgonjwa kwenye kiti, ganzi imeshamwingia, na koleo lilitakiwa. Safina alilitoa kwenye maji, akalikung'uta, akaliweka juu ya trei. Akainyoosha trei.

Ikupa aliishika kwa upande wake. Safina alikuwa bado ameishika kwa wake. Mvuke ulipanda kati yao, na upande wa pili wa pazia mtu alikohoa.

"Subiri kwanza," Ikupa alisema, neno lile aliloacha kulichukua siku ile.

Safina akasubiri.